Bunduki ya Ukingoni

Wenzangu mnaobaki karakana ya silaha, jiriwa nimekwisha kuirudisha, na tupa zote, na ile aproni ya ngozi ambayo hakuna kati yenu atakayeitaka kwa sababu ya harufu yake. Nimeondoka kazini kabla mvi hazijanijaa kichwani. Daktari aliniuliza kama namsikia, nami nikamwuliza amesema nini, akaandika kwamba kazi ya bunduki sasa basi. Sina kinyongo naye. Masikio yangu yamesikia kelele nyingi kuliko yalivyoumbwa kusikia.

Siku ya chai ya kuniaga mmoja wenu aliniuliza kazi hii ilikuwaje enzi za boma. Nilimjibu kwa kifupi, kwa kuwa chai ilikuwa inapoa na mimi siwezi kukaa kiti kimoja muda mrefu. Tangu siku hiyo nimekwenda Iringa, nikarudi Mbeya, nikaenda Iringa tena, bila shughuli yoyote ya maana. Mke wangu anasema nimestaafu kazi lakini sijastaafu safari. Basi humu safarini, nikisubiri mabasi, nimeandika jibu refu zaidi. Vyeo sitavitaja. Vilikuja vilipokuja, wala havikunifundisha kitu.

Nilianza kazi miaka ya hamsini, nikiwa kijana niliyetoka sekondari Tukuyu na viatu vinavyobana. Nilifika Iringa asubuhi ya baridi, nikaelekezwa kwenye baraza ya nyuma ya boma. Hapo nilimkuta mtu mfupi, mpana, aliyeungua nyusi zote mbili, anapiga tupa kitako cha gobori. Huyo ndiye Mzee Kihwele, Mhehe wa upande wa Kilolo, fundi wa silaha wa boma. Hakuacha kupiga tupa.

"Unajua bunduki?" aliniuliza.

"Nimewahi kuiona, mzee."

"Yenyewe imewahi kukuona wewe?"

Akaniambia niweke sanduku langu mbali na baruti.

Kazi yetu ilikuwa kukagua na kupiga chapa magobori ya raia. Kwa wale wachanga ambao hamjapata kuyashika: gobori hujazwa kwa mdomoni. Unamimina baruti kwenye mtutu, unatia kitambaa au nyuzi za maganda, unatia vipande vya chuma, kisha unashindilia kwa mdeki, yaani ule ufito mrefu. Nyuma unaweka fataki, kibati kidogo cha kuwashia moto. Mtu mwenye haraka hafai kuwa na gobori, na ngiri wanalijua hilo.

Siku ileile ya kwanza alikuja mkulima na gobori lake begani. Mzee Kihwele alikuwa amekwenda kunywa maji, nami nikataka akirudi aone amepata msaidizi mwenye akili. Nikamwuliza yule bwana kama limeshindiliwa.

"Halina kitu, mnyalukolo," akasema, akiniita ndugu yake kwa Kihehe ingawa mimi ni Mnyakyusa.

Nikalibana kwenye jiriwa, nikagonga mtambo kidogo kwa nyundo ili ulegee. Lilipolia, bati la paa lilipata tundu linaloweza kupitisha ngumi, na karani wa mishahara kule ndani akaangusha chupa ya wino. Mimi nilikuwa chini ya meza. Mwenye gobori alikuwa amesimama palepale, ameudhika.

"Lakini ile ilikuwa ya mwaka jana!" akalalamika. "Sasa baruti yangu nani atanirudishia?"

Hakuwa mwongo. Pande zile mtu aliyeshindilia msimu uliopita na nyani hakutokea aliiona bunduki yake ni tupu. Kujaa kulihesabiwa upya kila msimu wa kulima. Miaka yote niliyofanya kazi Nyanda za Juu Kusini nimelikuta jambo hilo kutoka Ilula hadi milima ya Usafwa, na kila mara mwenye bunduki alisema kweli kama anavyoijua.

Mzee Kihwele alirudi, akatazama paa, akatazama chini ya meza. Hakunigombeza. Alitwaa mdeki, akautumbukiza kwenye mtutu hadi mwisho, akashika kwa kidole mahali ulipoishia mdomoni, kisha akauchomoa na kuulaza nje kando ya mtutu uleule. "Ukifika mpaka kwenye fataki, tupu. Ukiishia njiani, kuna mgeni ndani. Watu usiwaulize. Watu wataudhika, na wewe utakufa." Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopewa kwa maneno. Mengine nilijifunza kwa kumtazama. Tundu la paa halikuzibwa. Mvua ikinyesha tulisogeza meza.

Nilichopenda kupita vyote kilikuwa safari. Kwa miezi ya kiangazi tulipakia sanduku la zana kwenye lori la boma, na barabara ilipokoma tulipanda baiskeli, na njia ya baiskeli ilipokoma tulitembea. Ilula tulinunua nyanya kwa akina mama wa kando ya barabara, tukazila kwa chumvi tukiwa tumekaa juu ya sanduku. Tulivuka hadi upande wa Mbeya, kule juu ambako viazi hulimwa kwenye miteremko hata unashangaa mkulima haporomoki pamoja navyo. Huko adui ni nungunungu. Nakumbuka mzee mmoja wa Kisafwa aliyekuja kwenye ukaguzi asubuhi ya umande, gobori lake amelifunga vizuri ndani ya blanketi, yeye mwenyewe anatetemeka.

"Baba, mbona hukujifunika wewe?" nilimwuliza.

"Mimi sishiki kutu," akanijibu.

Kulikuwa na bunduki zilizotengenezwa kwa bomba la maji, na nyingine mtutu wake ulikuwa chuma cha usukani wa lori. Hizo hatukuzipiga chapa kabla ya kuzipima. Kupima ni hivi: unaifunga bunduki kwenye kisiki, unaijaza baruti mara mbili ya kawaida, unafunga kamba kwenye kifyatuo, unajificha nyuma ya kichuguu, unavuta. Ikipasuka, mwenyewe huomboleza kama aliyefiwa, nasi tunamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba haikumpasukia usoni. Isipopasuka, unaishika sasa mkononi, unapiga shabaha, unaangalia inavuta upande gani. Ndipo unapiga chapa. Mzee Kihwele hakupenda kuharakisha kupima. Bunduki moja iliweza kumchukua siku nzima kama ilimtia shaka.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka mlijue, maana sioni kama limeandikwa popote.

Kulikuwa na machafuko nchi ya jirani, na wakubwa wa Dar es Salaam wakawa na wasiwasi na kila bunduki iliyokuwa mikononi mwa Mwafrika, hata zile ambazo zingemdhuru mpigaji kwanza. Ikatoka amri kwa Tanganyika nzima. Mwenye gobori anaweza kubaki nalo akiwa hai, lakini akifa halirithiwi. Lirudishwe boma, lipimwe, kisha livunjwe. Kwa nini upime kitu unachokwenda kukivunja, sikuuliza. Sikuajiriwa kuuliza. Maana ya amri ile ilikuwa wazi hata kwangu: hawakutaka ugomvi wa kuwanyang'anya watu, basi waliamua kusubiri wafe.

Mahali pengi amri ilipokewa kwa kuguna. Lakini huko kwenye tambarare karibu na Madibira lilikuwapo baraza moja la wenyeji lililokataa. Jina la eneo lenyewe nitaliacha, kwani wajukuu wa wahusika bado wanalima pale. Mabaraza hayo yaliundwa na serikali yenyewe ili yaamue mambo ya wenyeji: ng'ombe walioingia shambani, mipaka, mifereji, mahari. Mkuu wa baraza lile alikuwa Jumbe Festo, mwalimu wa dini wa zamani, mrefu, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusomea watu waliosinzia.

Ili muelewe walichokikataa, lazima mjue mashamba yao yalivyokaa. Yalilala kwa mstari, moja likifuatana na jingine, kutoka mtoni hadi porini. Mnyama akitoka porini analikuta kwanza shamba la mwisho, lile la ukingoni. Hakuna aliyetaka kukaa ukingoni, kwa hiyo walikuwa na utaratibu wao. Anayekaa ukingoni ndiye anayeshika gobori kwa niaba ya mstari mzima. Majirani humletea baruti, na wakati wa palizi na mavuno huanza na shamba lake kabla ya kugusa yao. Bunduki ikawa haimfuati mtu. Ilikaa ukingoni, na mtu ndiye aliyekuja na kuondoka. Boma, ambalo halikuwahi kulima, liliandika jina la mtu mmoja na kuamini kwamba bunduki ni yake.

Kwenye mstari mmoja aliyeandikwa alikuwa Baba Deodata, naye alifariki kwa homa baada ya Krismasi. Mkewe alibaki ukingoni na watoto na mpunga uliokwisha kuota. Kwa kweli hata mumewe alipokuwa hai mama huyo ndiye aliyekuwa anapiga, kwa sababu mzee alikuwa na mtoto wa jicho na asingeweza kutofautisha ngiri na mbuzi wa jirani. Jambo hilo lilijulikana kwa kila mtu isipokuwa boma. Mpunga ulikuwa unaanza kutoa masuke. Kama ungeliwa, Mama Deodata angelazimika kurudi milimani kwa kaka yake, ambaye hakuwa na ardhi ya kuwatosha hata wanawe mwenyewe. Ndivyo mambo yalivyokuwa tulipoitwa, Mzee Kihwele na mimi, kumfuata Bwana Shauri kwenye baraza. Bwana Shauri ndivyo tulivyomwita mkuu wa wilaya, Mwingereza mwenye Kiswahili kizuri na tumbo bovu.

Wazee walikaa kwenye mabenchi ndani ya nyumba ya baraza, wanawake wakasimama madirishani. Bwana Shauri aliisoma amri yote. Jumbe Festo alisikiliza hadi mwisho, kisha akasimama.

"Bwana Shauri, amri tumeisikia, na umeisoma vizuri. Hatutaifuata."

"Jumbe, hii si amri yangu. Imetoka Dar es Salaam."

"Tunajua, Bwana. Ndiyo maana hatukukasirikii."

Watu wakacheka. Bwana Shauri naye alitaka kucheka, akajizuia.

"Nchi nzima imekubali."

"Nchi nzima haipakani na pori hili. Sisi tunapakana nalo. Mlipotuundia baraza mlisema mambo ya mashamba ni yetu. Mifereji tunaamua sisi. Ng'ombe akila mpunga, tunaamua sisi. Leo ngiri akila mpunga, aulizwe mtu wa Dar es Salaam?"

"Na awachukue basi awafuge huko!" sauti ilitoka benchi la nyuma.

"Nyamaza, mjomba, hapa si kilabuni," Jumbe akasema bila kugeuka.

Bwana Shauri alikunja karatasi yake. "Nikiliacha baraza hili lifanye linavyotaka, kesho kila baraza litafanya linavyotaka. Unajua naweza kuleta jumbe mwingine."

Hapo hakuna aliyecheka. Jumbe Festo alivua kofia yake, ile nyekundu aliyopewa na boma, akaiweka mezani taratibu mbele ya Bwana Shauri. "Hiyo hapo. Utakayemvika, mwambie alinde mpunga kwa kofia, maana kitu kingine hatakuwa nacho."

Ndipo Mama Deodata alipozungumza kutoka dirishani. Alikuwa mwanamke mwembamba wa umri wa kati, bado amefunga kitambaa cheusi cha msiba. Hakupaza sauti.

"Bwana Shauri, mimi ndiye nipo ukingoni. Bunduki ikiondoka, nahama. Sina la kufanya pale mikono mitupu. Nikihama, ukingo unakuwa kwa huyu Mama Yusta. Naye atahama. Utakuwa kwa anayefuata. Utatusogeza hivyo hivyo mpaka utukute wote mtoni, tunakusubiri na vyombo vyetu. Sasa niambie, tuvuke tuje kwako?"

Bwana Shauri akairudisha ile kofia upande wa Jumbe. Alisema atakwenda Mbeya, kwa mkubwa wake wa jimbo, akaeleze maneno ya baraza jinsi yalivyosemwa. Lakini amri ilikwisha kutoka, na bunduki ya marehemu ilikwisha kujulikana. Hangeweza kurudi mikono mitupu huku akisema hajui iko wapi. Akamgeukia Mzee Kihwele.

"Fundi, chukua ile bunduki. Ipime kama amri inavyosema, kisha uilete boma."

"Ndiyo, Bwana," akasema Mzee Kihwele. "Nitaipima vizuri."

Lori la Bwana Shauri liliondoka. Sisi tulibaki na baiskeli zetu, tukaenda ukingoni.

Mama Deodata alikuwa ametutangulia. Tulimkuta ameketi mlangoni na gobori magotini, limefungwa kwenye kanga. "Kamwene," alitusalimu, tukamwitikia. Hakuinuka.

"Mmekuja kulichukua."

"Tumekuja kulipima, mama," akasema Mzee Kihwele.

"Mkimaliza kupima?"

"Hatujaanza."

Alimtazama sana. Kisha akalifungua. Mzee Kihwele akalipokea, akatumbukiza mdeki, akakuta kuna mgeni ndani, akatabasamu. Alilipeleka mwisho wa shamba, mahali mpunga unapokutana na nyasi ndefu, akasimika sanduku la zana, akaniambia nijenge kibanda.

"Cha nini, mzee?"

"Cha kupimia."

Asubuhi iliyofuata, kulipopambazuka tu, ngiri walitoka kwenye nyasi, mikia juu kama kawaida yao. Mzee Kihwele akanipa gobori. "Pima," akasema. Nikapima. Sikumpata hata mmoja, lakini walirudi walikotoka wakipigana vikumbo. Akachukua penseli, akaandika kwamba mtutu ni mzima ila bunduki inavuta kushoto, na kwamba inahitaji kupimwa tena. Jioni walikuja nyani kwa ukelele, tukapima tena.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi mpaka mpunga ulipobadilika rangi. Majirani walituletea baruti kama walivyozoea kuileta ukingoni. Mama Deodata alitupikia ugali na majani ya maboga, na kambale mtu alipompata mtoni. Kila nilipokosa shabaha alinisikia kutoka jikoni.

"Ambokile! Huo mti ulikukosea nini?"

"Bunduki inavuta kushoto, mama!"

"Bunduki inavuta kushoto tangu nilipoolewa. Wewe ndiye hutaki kwenda kulia."

Mimi nilikuwa na hofu. Nilikuwa mgeni kazini, na nyumbani walikuwa wanalisimulia shati langu la boma kanisani kila Jumapili. Siku moja tukiwa tunasafisha mtutu kwa maji ya moto nilimwambia Mzee Kihwele tutafukuzwa.

"Kwa kosa gani?"

"Kwa kupima."

"Tulitumwa kupima."

"Lakini si hivi, mzee. Tumepima sana."

Alichungulia ndani ya mtutu kwa jicho moja. "Umewahi kusikia mtu amefukuzwa boma kwa kufanya kazi sana?"

"Hapana."

"Basi tutakuwa wa kwanza. Leta kitambaa."

Ninapoandika haya ninamshukuru kwa namna alivyoniweka katika jambo lile. Hakunieleza kwamba tunaipinga serikali, wala kwamba tunaisaidia. Alinipa kazi yangu ileile niliyoajiriwa kuifanya, akaniomba niifanye polepole. Nimewahi kukutana na watu jasiri waliopiga kelele. Yeye alikuwa jasiri wa kukaa kibandani na kutafuna bisi.

Bwana Shauri alikuja alasiri moja bila kutuma habari. Tulisikia gari, halafu tukamwona anakuja kwa miguu juu ya tuta, kofia mkononi. Mpunga pande zote mbili ulikuwa umeinama kwa uzito. Nilisimama wima kama mlingoti. Mzee Kihwele alisimama kwa kadiri magoti yake yalivyomruhusu.

"Fundi. Bado mnapima?"

"Bado, Bwana. Inavuta kushoto."

"Inavuta kushoto," Bwana Shauri alirudia. Akatazama kibanda, akatazama maganda ya boga, akatazama nguo zangu zilizoanikwa kwenye kichaka. Halafu akautazama mpunga kwa muda mrefu, akavuta suke moja, akatafuna punje. "Mbeya bado hawajanijibu," akasema. "Mtamaliza siku gani?"

Mzee Kihwele naye aliutazama mpunga, tena kwa utulivu kama mtu anayekadiria chuma. "Ukishavunwa, Bwana."

Nilidhani mbingu itaanguka. Bwana Shauri alilitupa suke, akavaa kofia yake. "Kazi isiachwe nusu," akasema. "Nataka bunduki hiyo ijulikane vizuri." Akaenda kumsalimu Mama Deodata, akapewa maziwa ya mgando, akayanywa yote ingawa tulijua tumbo lake litamwadhibu kabla ya Iringa. Naye nimemweka kati ya watu ninaowashukuru. Alikuwa na mkubwa wake, na mkubwa wake alikuwa na mkubwa wake, lakini alasiri ile alichagua kutazama mpunga.

Mavuno yalianzia ukingoni, kama desturi yao ilivyotaka. Mstari mzima ulikuja na mundu na nyimbo. Mama Deodata hakuimba kwa sababu ya kitambaa chake cheusi, ila alikuwa wa mbele kukata. Magunia yalipowekwa ndani, Mzee Kihwele aliandika kwamba bunduki imepimika, tukafunga mizigo. Mama alitusindikiza hadi barabarani. Alilishika gobori mpaka mwisho, akamkabidhi Mzee kama unavyokabidhi mtoto aliyelala, akarudi bila kuangalia nyuma. Kwa msimu ule alikuwa amepona. Msimu ujao hakuna aliyejua.

Bunduki ilikaa stoo ya boma. Kuivunja hatukuivunja, kwa kuwa kila Bwana Shauri alipokumbushwa alisema anasubiri Mbeya. Huko kwenye tambarare baraza halikulala. Jumbe Festo aliwakutanisha wazee wakaweka sheria ndogo, kama walivyoruhusiwa kuweka za mifereji: magobori yote ya ukingoni ni mali ya baraza, na anayekaa ukingoni ni mlinzi wake tu, awe mwanamume au mwanamke. Amri ya Dar es Salaam ilizungumzia bunduki za watu wanaokufa. Baraza halina siku ya kufa. Mabaraza mengine mawili ya jirani yalisikia, nayo yakaweka sheria hiyohiyo. Walikuwa wanapeleka maneno yao Mbeya kila mara lori la chumvi linapopita.

Jibu lilikuja tambarare ikiwa imekauka. Halikuwa jibu la watu walioshindwa, maana serikali haikuwa inashindwa siku zile. Lilisema tu kwamba kwa mwaka mmoja, kwa majaribio, bunduki za baraza ziruhusiwe zikiwa na chapa ya baraza. Mwaka uliofuata wakasema mwaka mmoja tena, na uliofuata vivyo hivyo. Tulipopata Uhuru walikuwa bado wanajaribu.

Chapa ya baraza haikuwapo. Tulikuwa na chapa za tarakimu na herufi tu. Mzee Kihwele alitafuta ekseli iliyovunjika ya lori, akakata kipande, akakipiga tupa siku kadhaa mpaka kikawa na umbo la jembe dogo, ncha chini. Alikichoma moto kikawa chekundu, akakizimisha kwenye mafuta, akakijaribu kwenye mtutu mbovu. Kisha akaitoa stoo ile bunduki ya ukingoni, akanipa nyundo. "Piga wewe. Mimi mkono wangu umeanza kutetemeka." Ilikuwa uongo. Nikapiga mara moja, kwa uzito, kama inavyotakiwa, maana ukirudia jembe linakuwa na kivuli.

Tuliirudisha wenyewe. Mpunga haukuwapo tena, lakini kule bondeni walikuwa wamelima vinyungu, zile bustani za kiangazi za kwenye unyevu, na mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Jumbe Festo alikuwapo na kofia yake kichwani. Mama Deodata alikuwa amevua kitambaa cheusi. Alitwaa gobori, akapitisha kidole gumba juu ya lile jembe.

"Hamkuliharibu?"

"Hapana, mama."

"Bado linavuta kushoto?"

"Bado," nikasema. "Tungeweza kulirekebisha, ila tuliona umekwisha kulizoea."

"Afadhali," akasema. Kisha akatutazama sisi wawili, na baiskeli, na sanduku. "Sasa nendeni. Nyie mnapima vizuri, lakini mnakula."

Tuliondoka kesho yake asubuhi kwa lori la boma, mimi na sanduku nyuma, Mzee Kihwele mbele na dereva. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Tulikuwa tunapanda kilima cha kwanza, lile bonde bado linaonekana chini yetu na ukungu wake, tuliposikia mlio kutoka upande wa ukingoni. Mmoja tu. Dereva akapunguza mwendo. Mimi mkono wangu ulikuwa umekwisha kushika mfuko wa baruti bila mimi kuutuma.

Mzee Kihwele alitoa kichwa dirishani, akasikiliza kama kungekuwa na wa pili. Haukuwapo.

"Twende," alimwambia dereva. "Hiyo si ya kupima."